Taa Nyekundu ya Propela

Candida hajui kubembeleza mtu, na mtaa mzima wa Gerezani unalijua hilo. Ni Mchaga wa Rombo, mjane, mama wa Vicky, fundi wa taa na mita za magari. Chumba chembamba cha kazi alichopangishwa na Mzee Zahoro ndicho kilichomsomeshea mtoto. Ukitaka kumwona akinyenyekea, labda umsubiri kanisani.

Mzee Zahoro naye, na utu uzima wake wote, alikuwa amejinunulia ugonjwa: ndege kuukuu ya kivita. Aliikarabati ili iruke mbele ya wageni waalikwa, rubani akiwa mpwa wake Lucky. Propela yake ni ya umeme. Mota ndogo hugeuza pembe ya mapanga, yalale au yasimame kadiri rubani anavyotaka. Umeme huo ukikatika, taa nyekundu huwaka kwenye dashibodi kumwambia rubani kwamba mapanga yamekwama. Na taa hiyo ilikuwa ikiwaka kila injini iliponguruma.

Mzee akaleta kipande cha dashibodi chenye taa hiyo mezani kwa Candida. Hakutaka propela itengenezwe. Muda hakuna, alisema, kadi zimeshagawiwa. Alitaka taa isiwake tu.

Candida alimjibu kwamba taa ni nzima, kinachoumwa ni propela, na mtu atakufa. Mzee akacheka. Akamkumbusha kwa upole kuwa chumba ni chake na wanaokitaka ni wengi. Heri angemtukana. Upole ule ndio uliomchemsha Candida damu.

"Sawa, Mzee wangu," alisema. "Ila kazi haitoki hapa bila mtumiaji kuiona ikijaribiwa. Aje rubani."

Hiyo ni desturi ya mafundi wa Gerezani, kitu huwashwa mbele ya mwenyewe ndipo kifungwe. Mzee akadhani mama wa watu amenywea, akaja na Lucky. Kijana alitoa shikamoo, akavuta stuli. Candida akaunganisha betri, taa ikawaka. Akachomoa waya mmoja, ikazimika.

"Mjomba wako anataka ibaki hivi," alisema. "Propela mbovu, taa kimya. Mimi nimekataa. Ukipanda hiyo ndege, panda ukijua."

Lucky alimtazama mjomba wake. Mzee alitazama barabarani, basi la mwendokasi likipita. Kijana akainuka, akaenda zake. Ndege haikuruka, wageni walikula pilau kando yake wakatawanyika.

Candida akatimuliwa. Usidhani alitoka akiimba mapambio. Alilia kwa kwikwi akiburuta meza hadi kwenye kibaraza cha ng'ambo, mkabala na mlango wake wa zamani, maana chumba kile alikipenda. Majirani wakamsihi aende kuomba radhi: mkono usioweza kuukata, ubusu. Akasema huo hataubusu, hata afanyie kazi mvuani.

Tangu hapo, kila asubuhi Mzee akipita, Candida humwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika hadi Msimbazi. Shikamoo haina kosa, na mbele ya watu Mzee hana budi kuitikia marahaba. Ilimkera, hadi siku moja akavuka barabara, akamuuliza anataka nini hasa: chumba, au fidia?

Candida hakuweka bisibisi chini.

"Sitaki kitu, Mzee. Nataka uwe unaniona."