Adhabu Iliyowaziba Watu Midomo

Mzee Noah amekuwa mwenyekiti wa kokwet, baraza la majirani, kwa miaka kumi na minane, na kama kuna kazi isiyo na asante duniani, ni hiyo. Upande wao wa Chebunyo, mwizi wa ng'ombe alikuwa analipa mitamba wawili tu.

Noah mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu. Mwizi akiiba watano, akakamatwa mara moja tu kati ya hizo tano, akilipa wawili bado amebaki na watatu. "Hii si adhabu, ni ushuru," aliwaambia. Mwaka juzi wakakubaliana: mwizi ahame, yeye na familia yake yote. Wizi ukatulia miezi michache, Noah akatembea kifua mbele. Kisha ng'ombe wakaanza kupotea tena, na watu wale wale waliokuwa wakitaja wezi hata kabla ya kuulizwa wakawa vipofu.

Mwezi huu zamu imekuwa yake. Ng'ombe wake wa pekee wa maziwa, tegemeo lake na mkewe mgonjwa, kaenda. Akamwendea jirani yake Edinah, ambaye dirisha lake linatazama lango la Noah na halikosi kitu.

"Mama Cheptoo, ulimwona mwizi?"

"Nilimwona." Edinah aliendelea kupepeta maharagwe. "Lakini Mzee, hiyo jina sitasema kwa kokwet. Kama ingekuwa mitamba, ningesema saa hii. Sasa watoto watatu wafukuzwe waende wapi?"

"Ni Weldon?"

Edinah akainamia ungo wake, na hilo likatosha. Mdogo kati ya watoto watatu wa Weldon huja kwa Noah kila asubuhi na kikombe, apewe maziwa.

Jumamosi kokwet ikakaa. Noah alikuwa amechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala. Kipkurui, katibu, akafungua daftari. "Mwenyekiti, unashuku nani?"

Weldon alikuwa nyuma, amempakata mtoto wake. Noah alimtaka ng'ombe wake, Mungu anajua. Hata mtamba mmoja angemtosha.

"Sikuona kitu," akasema, "na simshuku mtu."

Wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, kama walivyoitikiana miaka hiyo miwili. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Asubuhi iliyofuata mtoto wa Weldon alikuja tena na kikombe chake. Noah akamwambia bado maziwa hakuna. Mtoto akauliza ng'ombe ameenda wapi, na mzee akasema hajui.