Mstari wa Sauti ya Tatu

Katika kwaya yetu wanawake waliingia kanisani kwa mstari wa kushoto na wanaume kwa mstari wa kulia, wakicheza taratibu mpaka mbele. Ndivyo ilivyokuwa Bukavu na Bujumbura, na ndivyo tulivyofanya hapa Tumba, Uswidi, katika ukumbi tuliokodi Jumapili alasiri, Waswidi wakishamaliza ibada yao.

Mdogo wangu aliacha kuimba akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu utotoni alikuwa amesimama upande wa wanaume. Siku moja mezani alituambia kwamba yeye si mwanamume wala si mwanamke, na kwamba amechoka kujifanya. Mama akamwongezea wali. Baba alitoka kwenda kukagua gari ambalo halikuwa na tatizo lolote. Baada ya hapo nilikuwa nikimsikia mdogo wangu bafuni akiimba sehemu yake ya sauti ya tatu, akiacha nafasi pale ambapo sisi wengine tungeitikia.

Mwaka uliofuata, theluji ilipoanza kuyeyuka, aliniambia, "Pentekoste nataka kuimba. Lakini mstari ule sisimami tena."

Nilikuwa nimemaliza chuo Flemingsberg, sina kazi, na muda wa kuwaza nilikuwa nao tele. Nikatunga hotuba ya kumweleza mwalimu wa kwaya. Nikieleza sana, atacheka. Nikieleza kidogo, atadhani ni ugonjwa na kuanza kumwombea. Jumamosi, ndani ya treni ya kwenda mazoezini, niliirekebisha tena na tena, na kufika Tumba tayari ilikuwa na utangulizi.

Mwalimu, mzee wa Bukavu aliyetufundisha sote, alimshika mdogo wangu mikono miwili.

"Ulipotea, mtoto wangu. Nenda kwa wenzako," akasema, akionyesha wanaume.

Mdogo wangu hakusogea. "Mwalimu, mimi si mwanamume. Na upande wa kina mama pia si wangu."

"Basi aingie kwa dirisha," mmoja wa wanaume akasema, na wachache wakacheka.

Mwalimu alijikuna kidevu. "Bon. Utapiga kayamba. Kaa pale karibu na kinanda."

"Nimekuja kuimba, mwalimu."

Mdogo wangu akalichukua koti lake. Niliona kwamba akitoka hatarudi, na hotuba yangu yote ikayeyuka kichwani.

"Kwani lazima tuingie hivi?" nikasema. "Tunaimba kwa sauti nne. Tuingie kwa sauti zetu."

Nikajuta papo hapo. Kisha mama mmoja wa Goma, mnene, mcheshi, akatoka katikati ya wanawake.

"Mimi naimba sauti ya tatu miaka yote, na wenzangu wako ng'ambo kule kwa wanaume. Nawasikiliza kama redio ya jirani. Mwalimu, hii sauti niko nayo tangu Goma. Bwana yangu anaiita injini ya boti. Huyu mtoto aje asimame na mimi."

"Wazee watasema," mwalimu akajibu.

"Walisema hata juu ya gitaa."

Watu wakacheka, na safari hii mdogo wangu alicheka nao. Yule mama akamgeukia. "Tukuite nani sasa?"

"Jina langu ni lile lile."

"Basi rahisi. Weka koti chini."

Mwalimu akasema tujaribu mara moja tu. Tukajaribu mara nyingi.

Jumapili ya Pentekoste mistari minne haikutosha katika njia ile nyembamba, na sauti ya nne ikakwama kwenye viti. Nilikuwa nimejiandaa kuona nani atanyanyuka aondoke. Hakuondoka mtu. Mzee mmoja aliangalia sakafu mpaka mwisho, na nje alinisalimia mimi akamruka mdogo wangu. Baba alikaa karibu na mlango. Hakupiga makofi, lakini alibaki. Mdogo wangu, na shati la kitenge kile kile tulichovaa sote, alikuwa bega kwa bega na mama wa Goma, mdomo wazi kabisa, akiimba.

Wakati wa chai mwalimu alitufuata, kikombe mkononi.

"Wewe," akamwambia mdogo wangu, "Jumamosi uje mapema. Sauti ya tatu ilishuka kwenye kiitikio."

"Si mimi, mwalimu, ni mama wa Goma."

"Nyote wawili," akasema, akaenda kutafuta sukari.