Ndizi ya pori kichwani pa nkambo

Mama alitaka msalaba wa saruji juu ya kaburi la nkambo, bibi yangu aliyemzaa yeye, kabla naye hajafa. Hakusema hivyo. Alisema tu, akiwa kitandani kwetu Kampemba: "Enda na mjomba yako kule Lukafu. Nkambo tulimuzika mbio-mbio wakati wa kukimbia vita, tukapanda ndizi ya pori pa kichwa. We ulisoma mambo ya mayani. Utaiyua."

Nilikuwa na diploma ya kilimo, bila kazi. Njia nzima nilijirudia somo. Mgomba wa kawaida huzaa machipukizi shinani. Ndizi ya pori husimama peke yake, shina limevimba chini, mshipa wa jani mwekundu, tunda limejaa mbegu nyeusi ngumu kama kokoto. Na kama mama na wenzake walikosea, wakapanda mgomba?

Makaburi yalikuwa yamezama ndani ya majani. Upande mmoja kulikuwa na kichaka cha migomba; upande wa pili, karibu na kichuguu, ndizi ya pori moja. Niliijua papo hapo. Furaha haikukaa.

Mjomba alishusha msalaba na mfuko wa saruji. "Mwipwa, unaizunguka sana, unataka kuioa? Ni yenyewe ao haiko yenyewe?"

"Ni ndizi ya pori, mjomba. Lakini hii haiwezi kuwa ile. Inatoa ua na kuzaa mara moja tu, inakufa, na haiachi chipukizi. Ile ya nkambo ilikufa zamani. Hii imeota kwa mbegu, na mbegu inabebwa na maji, na nyani, popote."

"Na ile migomba?"

"Migomba nayo inatembea. Kila chipukizi linasogea kidogo."

Alikaa chini. "Miye nilikuwa mutoto. Nakumbuka mvua tu." Kisha akachukua jembe. "Mama yako hataishi mpaka umalize kufikiri."

Tuliusimamisha msalaba chini ya ndizi ya pori. Kila jembe liliposhuka nilihofia kukuta mfupa, na nilihofia kutokuta.

Jioni tuliporudi Kampemba, mama aliikuza picha niliyopiga kule, kwenye simu yangu, kwa vidole viwili. Aliupita msalaba, akakomea kwenye mmea.

"Ni yenyewe," alisema. "Haikuzeeka kama siye."

Katikati ya majani, juu kabisa, niliona kitu ambacho kule sikukiona: ua lilikuwa limeanza kuchungulia. Nikaomba simu yangu, nikasema chaji inaisha.