Trekta la Muzee Rajabu na Saumu Yangu

Sisi tuliokulia Jabe tunajuana: gonga chuma popote pale, mmoja wetu atageuka. Enzi hizo mtaa uliamshwa na nyundo za mafundi, si na simu. Uani kwetu, penye gereji ya Baba, vyuma vilikuwa vingi kuliko kuku, na harufu ya mazutu, yaani dizeli, iliingia mpaka kwenye wali. Wenzangu walikwenda ziwani kuogelea. Mimi, mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa, nilibaki jikoni kumsaidia Bibi. Nilichomsaidia ni kula.

Ndiyo maana nilipotimiza miaka tisa nilishangaza ukoo mzima kwa kufunga Ramadhani. Siku kumi na tano bila kuvunja hata moja, kwa ushahidi wangu mwenyewe. Wakati wa kufuturu nilikaa kwenye mkeka wa wakubwa, tende ya kwanza nikapewa mimi, na Bibi akawatangazia majirani: "Muone huyu, mutoto wa miaka tisa!" Mutoto wa miaka tisa alikuwa na ndagala mfukoni, dagaa wa kukaanga, kawafunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu.

Basi asubuhi moja lori likaleta trekta limefungwa kamba. Lilikuwa la Muzee Rajabu, mkulima wa mpunga kule tambarare ya Rusizi. Zamu yake ya maji ilikuwa kesho yake, na shamba lisilolimwa maji hulipita, yakaenda kwa jirani. Tena trekta halikuwa na taa: lisipoondoka jua likiwa bado juu, haliondoki.

Baba hakuwa fundi wa haraka. "Injini ni kama mugonjwa," alizoea kusema. "Muulize kwanza, usimukate." Akaiuliza batri: nzima. Demareri, mota ya kuwashia: ikazunguka vizuri tu. Akatazama bomba la moshi: hakuna hata uzi. "Inazunguka lakini haikohoi," akasema. "Mazutu haifiki."

Alifungua mpira unaotoka kwenye tangi, akaukuta mkavu. Pampu ndogo ya mkono ya kuvutia mazutu ilikuwa imepasuka. Akajaribu kusukuma kwa pampu ya baiskeli, upepo ukatokea kwenye kifuniko cha tangi kilichooza. Alasiri ikaingia. Ilibaki njia moja: mtu avute mazutu kwa mdomo.

Hapo watu wakatazamana. Fundi amefunga, mwenye trekta amefunga. Kila Ramadhani kazi hiyo ilikuwa ya Papa Dezire, seremala jirani yetu, Mkristo, ambaye mafundi wa mtaa mzima walimwita awavutie. Siku hiyo alikuwa mazikoni, huko milimani. Baba akamwita mke wa seremala huyo kupitia ua.

"Mama Shantali, njo utuvutie mazutu kidogo."

"Mi? Apana, Baba Mwaju! Huu mudomo ni wa kwaya. Mungoje magharibi, si mutakula tu?"

"Trekta haina taa, mama."

"Basi nayo ifunge!"

Tulicheka wote isipokuwa Muzee Rajabu. Alikuwa amekaa juu ya tairi, kofia mkononi. Kisha akainuka polepole, akaushika mpira. "Fundi," akasema, "kama ni kuvunja, mi nitavunja. Mungu anajua maji yangu."

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, ndagala mmoja bado shavuni. Yule mzee alianza kuupeleka mpira mdomoni. Nikameza.

"Baba, mi nitavuta."

"We umefunga, Mwaju."

Bibi akatoka na mwiko wake. Nikaona mkeka wa wakubwa unakunjwa mbele ya macho yangu.

"Apana, Baba. Sijafunga. Hata jana. Hata ile siku ya kwanza."

Nilingoja kofi. Baba akapangusa mpira kwa kitambaa. "Najua," akasema. "Mutoto anayetawadha mara tisa kwa siku, hiyo ni kiu, si swala. Njo. Vuta kidogo kidogo, ukisikia baridi kwenye ulimi, toa."

Nilivuta, hakuna kitu. Nikavuta tena, mara Jabe nzima ikanijaa mdomoni. Nilipokuwa natema, Baba alirudisha mpira, akalegeza skrubu kwenye filta, povu likatoka, kisha mazutu safi. Akakaza. Trekta likakohoa mara moja, mara mbili, likatapika moshi mweusi juu ya nguo za Mama Shantali zilizoanikwa, likawaka. Muzee Rajabu alivaa kofia yake, akapanda, akaondoka bila hata kukubali lizimwe wakati wa kuaga.

Magharibi Bibi alinionyesha kwa mwiko mkeka wa watoto. Nikakaa, harufu yangu ikawafukuza wadogo zangu. Baba akachukua tende ya kwanza, akainama juu ya sinia, akanipa mimi.

Siku hizi gari la mwanangu likiugua linawasha taa, linakiri kosa lenyewe. Fundi kijana, mikono misafi kama ya karani, anachomeka waya na kusoma kwenye simu. Haulizi nani amefunga na nani anakula kwa siri. Sawa, wamesoma. Sisi ilibidi mtu akiri kwanza ndipo injini iwake. Mimi bado ni wa jikoni vilevile, ila siku hizi nafunga kweli, na Baba hayupo kuhakikisha. Lakini kila Ramadhani, nikitia tende ya kwanza mdomoni, nyuma ya utamu wake, mazutu inafika.