Mpini wa Kushoto
Kwenye maonyesho, kadi kando ya kichwa kidogo cha treni ya mvuke, kirefu kama kitanda, ilisema kimegeuzwa kitumie gesi na Mwenyekiti wa chama cha waunda treni ndogo. Mjane wa fundi aliisoma, damu ikamchemka. Miaka sita marehemu mumewe alikata na kuchomelea chuma uani mpaka jiko la makaa la kichwa hicho likawa la gesi!

“Shemeji, kazi hii ni yako?” alimuuliza Mwenyekiti, rafiki wa mumewe, aliyesimama kando.

“Yangu. Marehemu alinisaidia tu.”

“Basi kiendeshe tuone.”

Mwenyekiti akapeleka mkono wa kulia, akashika bomba lililopata moto, akaruka. Mpini wa kufungulia mvuke ulikuwa kushoto, maana fundi alikuwa mtu wa mashoto.

“Pole, shemeji. Mwenye chake hapapasi.”

Akaing'oa kadi, akaomba kalamu, akaandika jina la mumewe kwa herufi kubwa.