Jina Nililolifuta

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa mbele ya kompyuta katika ofisi yangu pale chuo kikuu, Lubumbashi, chai inapoa, nami nahesabu mara ngapi mtu mwingine ametajwa. Sikuwa na homa wala njaa. Nilikuwa na wivu, na wivu ule niliamka nao kila siku kabla hata ya kunawa uso.

Mtu mwenyewe aliitwa Kabamba. Tulisoma fizikia pamoja, benchi moja, na katika mitihani mara nyingi nilimshinda. Kisha yeye akaenda Ulaya kuendelea, mimi nikabaki kufundisha. Kazi yetu ilikuwa moja: kupaka kobalti juu ya kioo, tabaka jembamba ambalo jicho haliwezi kuona unene wake, halafu kupima usumaku wake. Kobalti yenyewe inachimbwa hapa hapa Ruashi, jirani na nyumba za watu, lakini aliyejulikana nayo duniani ni Kabamba, aliyekaa mbali. Kila alichoandika, wanasayansi wengine walikitaja katika makala zao, na sisi tunapimwa hivyo: umetajwa mara ngapi. Yeye walimtaja wengi. Mimi walinitaja wachache, na baadhi ya hao wachache ni mimi mwenyewe. Usicheke.

Wakati huo nilimsimamia mwanafunzi mmoja, Ngalula, binti wa Kipushi, mtulivu, mwenye mikono isiyotetemeka. Matabaka yetu yalikuwa yanaharibika ovyo mpaka aliposoma makala ya Kabamba: ukishapaka kobalti, usifungue mashine tabaka likiwa bado na moto. Subiri lipoe kabisa, la sivyo hewa italiharibu na vipimo vyote vitakuwa uongo. Ngalula akafuata. Alikaa saa nyingi kando ya mashine akiomba umeme usikatike, na vipimo vikatoka safi. Akaandika tasnifu yake, na jina la Kabamba likajaa humo.

Niliposoma, nililihesabu jina hilo ukurasa kwa ukurasa. Hata katika kazi ya mwanafunzi wangu, ni yeye tena? Nikamwita maabara.

"Futa ile majina," nikamwambia. "Kungoja kintu kipole, kipate baridi, bantu bote banajua."

"Lakini Mama Prof, njo yeye, ni yeye alituonyesha ile njia."

"Futa."

Akafuta. Angefanya nini? Bila sahihi yangu asingepata diploma.

Siku ya kutetea tasnifu, ukoo wake ulijaa ukumbini, mama zake wadogo wote wamevaa kitenge cha aina moja, maua mikononi, sufuria za sherehe zikingoja nje. Mambo yalienda vizuri mpaka profesa mmoja wa jury, jopo la watahini, alipouliza: nani alikufundisha kusubiri tabaka lipoe? Ngalula akanitazama. Mimi nikatazama karatasi zangu. Akasema aliisoma mahali, amesahau wapi. Yule profesa akatoa makala ya Kabamba kwenye mkoba, akaiweka mezani.

Waliuita wizi. Tasnifu ikakataliwa, arudi mwaka ujao. Na alikuwa ameshapata nafasi ya kusoma ng'ambo, sharti awe na diploma mwezi ule ule. Mama zake wadogo walibeba sufuria kurudi nazo nyumbani, mifuniko haijaguswa.

Mzee aliyetunza mashine zetu, Papa Mwepu, alikuwepo maabara siku niliyosema "futa". Alinifuata mpaka mlangoni mwa ofisi.

"Mama Prof," akasema, "Kabamba iko mbali, hata hajue kama uko na wivu naye. Ule mutoto njo uliumiza. Na wewe unajua."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nilijifungia nikalia, na hata katika kulia kule, niseme kweli, sehemu ya moyo wangu bado ilimlaumu Kabamba.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa jury nikasema yote. Nilipewa barua ya onyo, nami nilistahili zaidi ya hiyo. Ngalula alisafishwa jina, akapata diploma yake miezi kadhaa baadaye, lakini ile nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine, na nyingine haikuja. Leo anafundisha sekondari huko Kipushi. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, akasema, "Nilishakusamehe, Mama Prof." Kisha akatazama saa akasema ana kipindi.

Sikuambii usione wivu, mwanangu. Utauona, na mimi nimestaafu lakini bado nafungua kompyuta kutazama namba za Kabamba. Zimepanda. Ninachokuambia ni hiki: yule unayemwonea wivu, kama kazi yako imesimama juu ya kazi yake, mtaje kwa jina lake kamili, umtaje mapema, kabla moyo haujakutafutia sababu. Itauma kidogo, halafu utalala. Na wivu wako ubebe mwenyewe. Usimtwishe mtoto wa watu.

Mungu abariki mikono yako na macho yako, akupe kazi ambayo wengine wataihitaji. Na siku utakapokuwa na mamlaka juu ya mtu, akujalie mtu huyo awe jeuri kiasi cha kukukatalia.