Theluji Iliyogeuzwa Mto

Mimi sina ubishi na vitabu, lakini Mbithe alizidi. Mwanamke ana watoto, ana ng'ombe, ana mama mkwe kipofu, halafu akienda Emali kuuza ndengu anarudi na vitabu vya mitumba! Na si vya Mungu. Ni vya mauaji. Hadithi fupi fupi za Kizungu, na alizopenda kuliko zote ni za Krismasi: watu wamekusanyika kula, mmoja anapatikana amekufa, na muuaji yuko pale pale mezani anajipakulia nyama. "Nzilani, hebu sikiza hii," ananiambia, nami jirani yake nina kuni za kupasua. Kila mwaka nilimgombeza, na kila mwaka nilikaa nikasikiza.

Alikuwa akimsomea Kalondu, huyo mama mkwe wake. Kitabu kiko kwa Kiingereza, lakini mdomo wa Mbithe unatoa Kikamba, papo hapo, bila kusimama. Mpelelezi anakuwa mtu wa CID kutoka Machakos, keki inakuwa chapati. Na theluji je? Mwanzoni alijaribu kueleza: ni kama mvua nyeupe, inaziba barabara, watu wanakwama nyumbani. "Aka! Huo ni uongo," Kalondu akasema. Basi Mbithe akaamua kwamba kitabu kikisema theluji, yeye atasema mto umeshuka. Si mto ndio hutufungia njia sisi watu wa huku chini ya mji wa Wote? Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, tunachimba tukiteka maji, halafu siku moja mvua inanyesha huko juu na mto unakuja ukinguruma, ng'ambo hakuendeki.

Sijaona mtu aliyependa hadithi hizo kama Kalondu, na sababu naijua. Humo hadithini aliyepotea hupatikana, hata kama ni maiti. Kifungua mimba wake, Musyimi, alibebwa na mto mkesha wa Krismasi, miaka mingi sasa, kabla Mbithe hajaolewa hapo, na mwili haukuonekana. Kalondu hakuwa anamwomba Mungu macho. Aliomba mifupa ya mtoto wake aizike, naye afe. Basi.

Krismasi hii iliyopita mvua ilituhepa, mto ukabaki mchanga. Alasiri tulikuwa nje. Mutisya, mume wa Mbithe na kitinda mimba wa Kalondu, alikuwa amefika kutoka Mtito Andei anakotengeneza malori. Hata sasa sioni baya nililowahi kumwona nalo. Alikuwa anachoma mbuzi akinitania kwamba nimekuja na sahani kubwa kuliko njaa yangu. Kalondu akaomba hadithi. Mbithe akafungua moja ambayo hata yeye hakuwa ameisoma.

Wanaume wawili walitoka jioni, Mbithe akasoma, akarudi mmoja. Akasema mwenzake amebebwa na mto.

Kitabuni ni theluji iliyoporomoka ikamfukia, lakini ulimi wa Mbithe ulikuwa umezoea. Nikamkonyeza anyamaze. Wapi! Macho yake yako kwenye karatasi. Mtu wa CID akaja, akamuuliza mpishi swali moja tu: mto ulishuka saa ngapi? Mpishi akajibu, uliniamsha usingizini, na huyu alikuwa amesharudi kitambo.

Hapo ndipo Mbithe alipojisikia mwenyewe. Akafunga kitabu.

"Endelea," Kalondu akasema.

"Mwaitu, mama yangu, imeisha."

"Haijaisha. Lakini acha." Akageuza uso kuelekea moshi wa nyama. "Mutisya. Siku ile uliingia nikiwa nakanda unga. Ukaniambia mto umembeba ndugu yako. Nikapiga nduru, majirani wakaja, giza na mvua vikawazuia kushuka. Asubuhi wakaukuta umejaa, sasa nani angeuliza? Lakini mimi mto niliusikia ukija. Ulikuja ukinguruma jogoo wakiwika, nikiwa nimelala hapo chini nalia. Kama ulikuja alfajiri, Mutisya, jioni ulimbebaje mtoto wangu?"

Mafuta ya mbuzi yalidondoka motoni, na hakuna aliyegeuza nyama. Haki nilitamani Mutisya acheke, au amtukane mke wake kwa vitabu vyake, au aseme mama amezeeka, anachanganya mambo. Nilimwombea akatae. Lakini la kuvunda halina ubani. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Sikuulizi mlikosania nini," Kalondu akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio uliniogopesha. "Hiyo utamwambia Mungu, na polisi. Mimi nakuuliza yuko wapi."

Mutisya akaweka kisu chini. Akaingia stoo, akatoka na jembe. Mbithe akamshika shati. "Baba Kaluki, unaenda wapi? Baba Kaluki!" Mutisya akautoa mkono huo pole pole, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mapajani, akapita.

Kalondu alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu kwa miguu. "Nishike mkono, Nzilani. Mtoni ni mbali, lakini leo nitafika." Nikamshika. Woi, akavaa kiatu cha kwanza huku anacheka kwa furaha.

Lakini Mutisya hakushika njia ya mtoni. Alipita kando ya jikoni, akazunguka nyumba, akasimama chini ya dirisha la chumba anacholala mama yake. Mimi nilimwona. Mbithe alimwona, akakaa chini kwenye vumbi.

Jembe likapiga udongo mara moja, mara ya pili. Kalondu akasimama na kiatu kimoja mguuni.

"Nzilani," akaniuliza, "mbona jembe linalia karibu hivi?"